Chembe Saba Katika Elfu

Wanaonifahamu wameshaanza kutabasamu, wanajua naanza na namba gani. Asilimia 0.7. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi za chembe nano, yaani chembe ndogo mno zinazoweza kubebeshwa dawa, zilizodungwa kwa wanyama wenye saratani, wakapiga hesabu: kiwango cha kati cha dozi kilichofika kwenye uvimbe ndicho hicho. Dunga chembe elfu moja, zinafika saba. Nyingine? Nyingi zimeshushwa njiani, kwenye ini na wengu, maana huko kuna seli walaji ambazo kazi yao ni kudaka kila kigeni kinachopita kwenye damu.

Kijana kule nyuma kashanyoosha mkono. Najua: "Mishipa ya damu ya uvimbe si inavuja, profesa, chembe zikapenya humo?" Inavuja. Matsumura na Maeda walilionyesha hilo Japani mwaka 1986, na heshima yao wanayo. Lakini ni kwa panya! Panya ana gramu 20. Mwoteshe uvimbe wa gramu moja, na hiyo ni kazi ya wiki chache tu, tayari ni sehemu moja ya ishirini ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 huo ni uvimbe wa kilo tatu na nusu. Nani hapa amempokea mgonjwa wa namna hiyo, kaja kliniki kwa miguu yake? Uvimbe uliokua mbio hivyo mishipa yake imejengwa ovyo, kama ukuta wa fundi aliyelipwa nusu. Utaachaje kuvuja? Wa binadamu hukua kwa miaka. Mmoja unavuja, mwingine hauvuji, na yote miwili imo ndani ya mgonjwa yuleyule.

Msiende kusema nachukia nano. Korea Kusini tangu 2007 wanatumia paklitakseli, dawa ya saratani, iliyofungwa ndani ya chembe nano za polima. Imewaepusha wagonjwa na kile kiyeyushi cha mafuta ya mbarika kilicholeta mzio, hata ikabidi mgonjwa apewe kwanza steroidi ya kuutuliza kabla ya dripu. Faida kubwa hiyo, ila haikutokana na chembe kuijua njia ya kwenda kwenye uvimbe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Utambuzi, basi, mbiombio: huko hata chembe chache zinazong'aa zinaweza kumwonyesha mpasuaji mpaka wa uvimbe, hazikutumwa kuua kitu. Nilikuwa na slaidi sita za hilo. Ruka. Ruka zote.

Kijana wa nyuma, uliza. Si la panya.