Umetaja jina tu, hujajibu

Haya walio nyuma sogeeni, viti vipo. Walionisikia kabla mtanivumilia maana wimbo ni uleule, na nitauimba mpaka mwanafunzi aache kutaja neno refu la Kigiriki halafu ananyamaza kama kashajibu swali. Hujajibu! Umetaja jina tu.

Mgonjwa anakuja anasema dokta ngozi inawasha, imevimba, nyekundu. Unamwandikia dermatitis. Yaani ngozi imevimba. Si ndo alichokwambia? Kakwambia kwa Kiswahili bure, wewe unamrudishia kwa Kigiriki kwa hela. Na idiopathic ndo kiboko, mzizi wake unasema ugonjwa unaojitegemea, lakini wodini maana yake chanzo hatukijui. Semeni hivyo basi.

Sasa oksijeni, hapa mnipe muda. Mwaka 1777 Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, anatunga jina, anachukua oxys, yaani kikali, kichachu, anaongeza neno la kuzaa, inakuwa kizaa-asidi, maana aliamini hakuna asidi isiyo na hewa hiyo ndani. Hewa yenyewe wanakemia wenzake Scheele na Priestley walishaipata, Priestley akaiita hewa iliyotolewa flojistoni, na flojistoni nayo Kigiriki, ni ile kitu waliyodhani inatoka vitu vikiungua, ambayo haijawahi kuwepo duniani ila jina ilikuwa nalo zuri sana. Twende. Asidi ya hidrokloriki ina nini? Haidrojeni na klorini, basi, oksijeni hakuna hata chembe. Watu wakahangaika miaka wanaitafuta oksijeni ndani ya klorini, mpaka 1810 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy akasema jamani hii ni elementi, akaiita kwa rangi yake, chloros, kijani cha kuelekea njano, angalau hilo ukiangalia unaliona. Na kinachoifanya asidi hiyo iwe asidi ni haidrojeni, ambayo Lavoisier na wenzake waliipa jina la kizaa-maji! Na maji je? Gramu 18 za maji, 16 ni oksijeni. Mnaona vituko? Majina yangebadilishana tu yangekuwa karibu zaidi na ukweli. Wajerumani wakalitafsiri kosa zimazima, Sauerstoff, kitu kichachu, wanalo mpaka leo. Lavoisier alikatwa kichwa 1794 kwa mambo ya kukusanya kodi, sio kwa hili jina, ingawa mimi faini ningemtoza.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, mzee acha chuki, Kigiriki kinafanya daktari wa Mombasa aelewane na wa Berlin. Kweli kabisa, sijasema tuyafute. Nasema ukikutana na jina uliza nani alilitunga na aliamini nini siku hiyo. Msomi Whewell alipomtungia mwanasayansi Faraday majina anode na cathode, zile ncha mbili za umeme, 1834, yalikuwa njia ya kupanda na njia ya kushuka tu, makusudi, ili nadharia ya umeme ikibadilika majina yabaki salama. Huyo alitumia akili.

Na msicheke Waingereza peke yao. Balghamu mnayokohoa asubuhi ni phlegma ya Wagiriki iliyotufikia kupitia Kiarabu, moja ya yale majimaji manne ambayo matabibu wa kale, kina Hippocrates na Galen, waliamini yanatawala afya ya mwili. Jamaa yake ni melancholy, neno la huzuni nzito, maana yake nyongo nyeusi, ambayo hakuna mtu amewahi kuichota akaiweka kwenye chupa, lakini watu walitolewa damu kwa ajili ya majimaji hayo karne na karne.

Naonyeshwa saa. Nilitaka nifike kwenye hysteria, ule ugonjwa wa kupagawa, ambao jina lake linatokana na tumbo la uzazi, wanawake wamebebeshwa lawama na neno hilo mno, inataka siku yake. Artery, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, lilikuwa jina la bomba la pumzi, mishipa hiyo ikapewa jina hilo na wapo waliodhani inabeba hewa mpaka Galen akaonyesha ni damu. Atomu, isiyogawanyika, ilishagawanyika, nenda kasome. Maswali sasa, anza wewe uliyeinua kalamu, na ufupishe.