Kabati la njumu la Chester County

Ndugu mafundi, kabati hili la droo mnaloliona pichani ni la Chester County, Pennsylvania, la katikati ya karne ya 18. Mbao ni mjozi mweusi. Usoni mwa droo kuna njumu, yaani mapambo ya mti wa rangi nyingine yaliyopachikwa ndani ya ubao: mistari myembamba inajipinda, na kila ncha ina vitunda vya duara.

Wengi waliotengeneza na kununua makabati haya walikuwa Wakweka, waliotoka Uingereza na Wales kwenda koloni la William Penn, yaani Pennsylvania. Ni Kanisa la Marafiki lile lile lililofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Wakweka hao wa Pennsylvania walihubiri maisha yasiyo na mbwembwe, kisha wakaagiza kabati lenye mapambo! Mimi sioni unafiki: njumu hizo mara nyingi zilibeba herufi za majina ya wenye nyumba na mwaka, basi kabati lilitunza kumbukumbu ya ukoo pamoja na mashuka.

Kazi yenyewe ni ya bikari. Fundi anakita mguu mmoja, anauzungusha mwingine wenye meno, unakata mfereji mwembamba. Humo anagandisha utepe wa mti mweupe, mara nyingi holi. Vitunda ni vishimo vilivyotobolewa kwa keekee, vikazibwa kwa mbao za rangi nyingine. Mchoro wote ni vipande vya duara vilivyounganishwa, ndiyo maana fundi wa kijijini aliumudu bila kuwa mchoraji.

Sasa tuje kwenye pesa. Kabati la mjozi la zama hizo lisilo na njumu linapatikana. Lenye njumu ni adimu na bei yake iko mbali. Hapo ndipo wajanja wanapochonga mistari mipya kwenye kabati la kale kweli. Mtawagunduaje? Ubao husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo duara la tangu enzi hizo limeanza kuwa yai. Pima kufuata nyuzi za mti, kisha pima kuzikata. Vipimo vikilingana kabisa, shuku.

Halafu chomoa droo, uipindue. Ndani tunatarajia popla ya tulipu, na chini mara nyingi mwerezi mweupe. Ukikuta msonobari mweupe, fikiria kwanza kwamba ni kazi ya mafundi wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Na ukiona mikwaruzo ya msumeno wa duara, ubao huo ni wa karne ya 19 au baadaye, hata mwaka uliotiwa njumu usoni useme 1745.