"Bob" na Roberto: kuanza kukusanya kadi za zamani za besiboli kwa dola 40 kwa mwezi

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Zuhura, tuko hapa Columbus, Ohio, na mwenzangu ni kaka Kitwana kama kawaida. Leo kanikataza kuweka chai mezani.

KITWANA: Chai ikae kule dirishani, dada. Nilichokuja nacho ni karatasi ya zaidi ya miaka hamsini. Haya, ishike kwenye kingo, usiguse uso wake. Nisomee.

ZUHURA: "Bob Clemente." Pittsburgh Pirates.

KITWANA: Hiyo ni kadi ya besiboli ya 1969, ya kampuni ya Topps. Nimeinunua dola 28. Sasa shika hii ya mwaka uliofuata.

ZUHURA: Mtu ni yuleyule. Ila hapa ameandikwa Roberto.

KITWANA: Basi mimi kwenye kukusanya kadi niliingilia mlango huo. Roberto Clemente ni mtoto wa Puerto Rico, aliyechezea Pittsburgh kuanzia 1955 hadi 1972. Kadi zake mbili za mwanzo za Topps, ya 1955 na ya 1956, zina jina lake sahihi. Kuanzia 1957 wakamgeuza "Bob", na mwenyewe hakulipenda jina hilo. Miaka kumi na mitatu anachapwa hivyo! Mimi nilipoanza kazi ghalani huku Marekani, msimamizi aliona Kitwana ni refu, akaniita "Kit". Siku mfanyakazi mwenzangu, mzee wa hapahapa Ohio, aliponionyesha kadi hizi mbili, nilimwelewa Clemente kabla sijajua sheria za besiboli.

ZUHURA: Na alifariki kijana.

KITWANA: Miaka 38. Tarehe 31 Desemba 1972, ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nikaragua ilianguka baharini naye akiwa ndani. Alikuwa amemaliza msimu akiwa amefikisha mipigo 3,000 kamili katika maisha yake yote ya uchezaji. Kwa hiyo ukiishika kadi yake, unajua umemshika nani.

ZUHURA: Lakini kaka, mtu akisikia kadi za zamani anawaza mamilioni. Mimi mwenyewe nilidhani ni mambo ya matajiri.

KITWANA: Mamilioni yapo. Kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022. Mwezi huohuo ya Honus Wagner, iliyotoka na sigara kati ya 1909 na 1911, ikaenda kwa milioni 7.25. Hiyo ya Mantle ina kisa. Kadi za mwisho za 1952 hazikununuliwa, zikajaa ghalani. Sy Berger wa Topps, aliyekuwa mmoja wa waliozibuni, alisimulia kwamba mwaka 1960 alizipakia kwenye tishari na kuzitosa baharini pwani ya New Jersey.

ZUHURA: Astaghfirullah.

KITWANA: Zilikuwa takataka siku ile. Lakini sisi wa dola 40 kwa mwezi hatugombei hizo. Tunagombea kadi ileile ya zamani, ya mchezaji mkubwa, ila iliyochoka. Tazama pembe za Bob huyu.

ZUHURA: Zimekuwa mviringo. Na kuna mkunjo hapa juu ya kofia.

KITWANA: Kampuni zinazopima kadi, kama PSA na SGC, zinatoa daraja kutoka 1 hadi 10, kisha zinaifunga kadi kwenye ganda gumu la plastiki. Kadi kama hii ikipata 2 inatosha. Ingekuwa 9, bei yake ingenunua gari kuukuu. Picha ni ileile, mwaka ni uleule. Na mimi naipenda zaidi iliyochoka. Kuna mtoto aliyenunua pakiti ya bigijii mwaka 1969, akakuta hii ndani, akaitia mfukoni. Mkunjo huu ni wake. Kadi safi kabisa ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeichezea.

ZUHURA: Kwa hiyo uchakavu wowote ninunue?

KITWANA: Hapana, hapo nisikilize vizuri. Uchakavu wa halali, ndiyo. Pembe zilizolika, mkunjo, doa la nta ya pakiti, hata jina la mtoto limeandikwa nyuma kwa kalamu. Lakini kadi iliyokatwa kingo ili ionekane mpya, hiyo iache. Mimi nimeuziwa. Muuzaji mmoja mtandaoni aliniletea kadi ya 1965 yenye kingo kali kama wembe, nikafurahi wiki nzima. Nilipoiweka juu ya kadi nyingine ya mwaka huohuo, ikawa fupi kwa karibu milimita mbili. Dola 35 hizo. Nilikaa miezi mitatu sinunui kitu.

ZUHURA: Pole sana. Sasa unajikingaje?

KITWANA: Rula. Kuanzia 1957 kadi ya kawaida ya Topps ni inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu, yaani takriban milimita 64 kwa 89. Za 1952 mpaka 1956 ni kubwa zaidi. Kipimo hicho kinakuokoa hata na nakala: mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya seti ya 1952, yaani mkusanyiko mzima wa kadi za mwaka huo, lakini kwa kipimo kidogo, na nyuma wakaandika kuwa ni nakala. Anayekuonyesha upande wa mbele tu, muombe picha ya nyuma. Na ubebe kioo cha kukuzia. Picha ya kadi halisi ya miaka hiyo imeundwa kwa vitone vya rangi, ila maandishi na mistari ya fremu inapaswa kuwa imekolea bila vitone.

ZUHURA: Haya, nina dola 40. Nianzie mwaka gani?

KITWANA: Ukitaka seti nzima, anzia 1974 au 1975, na kuna sababu. Zamani Topps walitoa kadi kwa mafungu, msimu mzima. Fungu la mwisho lilifika madukani watoto wameshahamia futiboli ya Kimarekani, wenye maduka wakaagiza chache. Ndiyo maana kadi za namba za juu za miaka ya hamsini na sitini ni ghali, hata za mchezaji asiyejulikana. Unajaza seti kwa furaha, ukifika namba za mwisho unakwama. Mwaka 1974 ndipo walipotoa kadi zote 660 kwa mpigo, hakuna fungu la mwisho la kukutesa. Ya 1975 nayo ni 660, yenye fremu za rangi mbilimbili, kama kanga zimeanikwa kambani. Kwenye maonyesho ya kadi utakuta sanduku la kadi za dola moja moja, utazama humo asubuhi nzima.

ZUHURA: Na nisiyetaka seti?

KITWANA: Chagua watu. Hapa ndipo pesa kidogo inafika mbali. Kila mtu anamtafuta Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947, na bei yake inajua hivyo. Wiki kumi na moja baadaye, tarehe 5 Julai, Larry Doby aliingia timu ya Cleveland, mtu mweusi wa kwanza katika Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Matusi yaleyale, hoteli zilezile zilizomkataa, lakini kadi zake zinauzwa sehemu ndogo ya bei ya Robinson. Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa mwaka 1998 tu.

ZUHURA: Miaka hamsini na kitu! Na Cleveland ni mwendo wa saa mbili na kidogo kutoka hapa.

KITWANA: Ni yetu kabisa. Mwaka 1948 walishinda ubingwa, Doby akiwa na Satchel Paige, ambaye ligi za watu weusi zilimla ujana wote. Aliruhusiwa ligi kuu akiwa na miaka 42. Kadi yake ya Topps ya 1953 imeandikwa "Satchell", kwa L mbili.

ZUHURA: Na huyu tena! Hata jina la kuzaliwa halikuwa hilo, si ndiyo?

KITWANA: Leroy. Satchel ni la utani, nalo wakalikosea. Ya kwake ni ghali, sikudanganyi. Lakini ya Doby ya 1954, akiwa bado na Cleveland, ikiwa imechakaa vizuri, mtu wa dola 40 anaweza kuipata akiwa na subira.

ZUHURA: Nimechagua, basi. Doby wa 1954. Mwezi huu sinunui kingine.

KITWANA: Ununue na mfuko laini wa plastiki na kifuko kigumu cha juu yake, ni senti chache. Zile albamu za zamani zenye harufu ya plastiki usitumie, plastiki yake inaharibu kadi. Na usiiweke jikoni wala bafuni.

ZUHURA: Na wewe, kwenye hizi mbili unaongeza nini?

KITWANA: Ya 1956. Ile ya mwisho yenye jina lake kabla hawajambadilisha. Nimeshatunza dola 110. Nataka yenye mikunjo, hata kama nyuma ina alama ya gundi ya albamu ya mtoto fulani, mradi jina linasomeka lote.

ZUHURA: Siku ikifika usiifungue peke yako. Njoo nayo hapa.

KITWANA: Nitakuja nayo. Chai ikae dirishani.