Si Kila Nundu ni Chembe Mpya

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi vijana, sogeeni mbele, maana mchoro huu unataka macho ya karibu. Nawashukuru mliotoka Ngamiani, Chumbageni na hata Pongwe kuja kusikiliza habari za fizikia jioni hii.

Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva, CERN, shirika la utafiti wa chembe ndogo kabisa za maada, lina mtambo ndani ya handaki la mviringo lenye kilomita 27. Humo protoni, chembe zilizomo ndani ya kiini cha atomu, hukimbizwa pande mbili, karibu kabisa na mwendo wa mwanga, kisha hugonganishwa. Nishati ya mgongano huweza kuzaa chembe nzito tusizozikuta katika maada ya kawaida.

Mojawapo ya chembe hizo nzito ni bozoni ya Higgs, na yenyewe hakuna aliyewahi kuiona. Ikizaliwa huvunjika papo hapo, kabla haijagusa kigunduzi chochote, yaani chombo cha kunasa na kupima chembe. Kinachopimwa ni masalia yake. Tazameni hapa: hizi ni jozi za fotoni, yaani chembe za mwanga. Ukijua nishati ya kila fotoni na pembe iliyo kati yao, unakokotoa tungamo la kilichozizaa. Jozi nyingi mno hutokana na migongano ya kawaida, ndiyo maana mstari unateremka taratibu kuelekea kulia. Ila hapa, kwenye gigaelektronivolti 125 (kipimo tunachotumia kwa tungamo la chembe), pana nundu ndogo. Ni miongoni mwa ushahidi uliotangazwa tarehe 4 Julai 2012 na vikundi viwili, ATLAS na CMS, kila kimoja na kigunduzi chake.

Kanuni ya kutangaza ugunduzi ni kali. Uwezekano wa bahati tupu kuinua nundu kama ile usizidi 1 kati ya milioni 3.5 hivi, ni kama kurusha shilingi ikaangukia kichwa karibu mara 22 mfululizo.

Desemba 2015 nundu nyingine ilichomoza, kwenye gigaelektronivolti 750. Vikundi vyote viwili viliiona! Wananadharia wakaandika makala zaidi ya 500 kuieleza. Wenye vigunduzi hawakutangaza ugunduzi, kwa kuwa haikufikia kiwango; wakaendelea kukusanya data. Kufikia Agosti 2016 data zilikuwa zimeongezeka mara kadhaa, na nundu ikayeyuka. Wapo wanaosema muda ulipotea bure. Sikubaliani nao hata kidogo: kazi ile ilifanyika inavyopaswa, na ndivyo ningependa vijana wetu wafundishwe kupima.

ATLAS wameweka sehemu ya data zao wazi kwenye intaneti, bila malipo. Kesho saa nne asubuhi, mwenye kompyuta aje nayo hapa. Tutazichora jozi hizo za fotoni wenyewe.