Mwanamke wa ghorofa ya tatu
Mhadhara uliotolewa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya walimu, wanafunzi na watembezaji wageni

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi vijana mnaotembeza wageni, ambao nimefurahi kuwaona mmejaa safu za nyuma: karibuni nyote.

Nianzie Maruhubi. Pale leo pamebaki nguzo zisizo na dari na mabirika ya kukogea. Kasri yenyewe aliijenga Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1880, ikateketea kwa moto 1899. Mgeni akishuka garini, jambo la mwanzo analoambiwa ni kwamba hapa waliishi masuria tisini na tisa na mke mmoja. Mgeni anashangaa, anapiga picha, anarudi garini. Katika wanawake mia moja, hakuna hata mmoja aliyetajwa jina.

Wenye kusimulia siwalaumu, maana ndivyo tulivyosimuliwa sote. Ila naomba leo tuulize hadithi hii imetoka wapi, kwa sababu umbo lake nimelikuta mahali pengine kabisa: katika riwaya za Kiingereza za kutisha, zile zinazoitwa za Kigothi.

Riwaya hizo zilianza na Horace Walpole mwaka 1764. Ndani yake mna ngome kongwe na bwana mkali, na msichana anamkimbia bwana huyo kupitia njia ya chini ya ardhi. Umbo hilo lilipendwa, likaigwa kwa zaidi ya miaka mia. Halafu, 1847, Charlotte Brontë akatoa Jane Eyre, na hapo nataka tutulie kidogo.

Mnaijua, wengine mmeisoma skuli. Jane ni mwalimu wa nyumbani kwenye jumba la Bwana Rochester. Usiku anasikia kicheko kutoka ghorofa ya tatu. Kitanda kinatiwa moto, mgeni anang'atwa begani, na mwisho tunaambiwa: huko juu amefungiwa mke wa Rochester, Bertha Mason, mwendawazimu, mzaliwa wa Jamaika. Mwandishi anamwonyesha akitambaa kwa miguu na mikono, nywele zimemfunika uso, hata Jane hana hakika mara moja kama ni mtu au mnyama.

Tazameni sasa mambo mawili. La kwanza ni fedha. Rochester alipomwoa Bertha alipata paundi elfu thelathini. Baba yake Bertha alikuwa tajiri wa mashamba huko Jamaika, na mashamba ya Jamaika yalilimwa na watumwa. Kwa hiyo utajiri wa makoloni umeingia katika jumba lile kwa mlango wa mbele, mwanamke aliyekuja nao akapandishwa juu akafungiwa. Sisi wa kisiwa cha karafuu hatuhitaji kufafanuliwa shamba kubwa la wakati ule lilikuwa na maana gani.

La pili ndilo linaloniuma. Mlango unapofunguliwa na watu wote wakamtazama, Bertha ananguruma, anapigana, lakini hasemi neno tukalisikia. Sentensi yake inayobakia kichwani, kwamba ataunyonya moyo wa kaka yake ukauke, tunaipata kwa kinywa cha kaka huyo huyo. Habari za ndoa yake anazieleza mume. Miaka zaidi ya mia ikapita mpaka Jean Rhys, mwanamke mzaliwa wa Dominica, alipoandika riwaya ya 1966 ambamo Bertha anapewa utoto, jina jingine na sauti yake.

Baada ya Brontë hofu ile ikahamia kwetu. Mwaka 1887 Rider Haggard alitoa kitabu juu ya malkia anayetawala ndani ya mapango ya Afrika. Wasafiri wake wanafika pwani hii ya mashariki kwa jahazi. Malkia yule ana umri wa miaka elfu mbili, anajifunika gubigubi kama maiti aliyekafiniwa, na mwanamume akimwona uso hana tena akili yake. Na jina alilopewa ni Ayesha, na asili yake Mwarabu! Yaani mwanamke mwenye kujifunika, ambaye kwetu ni mama, shangazi, jirani, huko akawa jinamizi.

Mwaka mmoja tu kabla ya kitabu hicho, mwanamke wa Unguja alikuwa keshajieleza mwenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said na dada yao Barghash na Majid, alizaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844, mama yake suria wa Kicherkesi, watu wa Kaukasi, aitwaye Jilfidan. Kumbukumbu zake zilitoka Ujerumani 1886. Anasimulia kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, si kuandika. Basi yeye akajifundisha kwa siri: aliweka msahafu mbele yake, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio ubao wa kuandikia wa siku hizo, akawa anaigiza herufi moja moja mpaka mkono ukakubali. Mkono huo ndio uliokuja kuandika barua za siri za Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake, Sultani Majid, mwaka 1859.

Mwanamke huyu alikuwa na mashamba yake, akayasimamia. Anamtaja pia Shehrzad, mke wa Kiajemi wa Sayyid Said, yule ambaye hamamu ya Kidichi inasemekana ilijengwa kwa ajili yake: akipanda farasi mchana kweupe, akienda kuwinda na wapandafarasi wake. Na anawasema wazi Wazungu wanaokaa wiki chache Istanbul au Misri kisha wakaandika kitabu kinene juu ya wanawake wa Mashariki ambao hawakupata kuingia ndani kwao.

Lakini nisimpambe. Salme aliutetea utumwa. Alitazama kutoka dirisha la kasri, na wajakazi waliombebea maji hawakuacha kitabu. Kwa hiyo hata humo ndani mna ghorofa nyingine ya tatu.

Ndipo nafika kwenye sheria. Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya himaya ya Uingereza, Sultani Hamoud alitia saini amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuachiwa huru kwa amri hiyo. Walihesabiwa kama wake, na suria aliyetaka kuondoka ilimbidi athibitishe kuwa anadhulumiwa. Wakabaki hivyo mpaka 1909. Miaka kumi na miwili! Dola ambayo wasomaji wake walikuwa wakilia kwa huruma juu ya wanawake waliofungiwa na masultani, yenyewe ilikubali mlango ule ubaki umefungwa, kwa hoja kwamba kuufungua kungevuruga majumba ya watu. Kila nikisikia hesabu ya tisini na tisa pale Maruhubi huikumbuka amri hii, na hata siku moja sijasikia ikitajwa pale.

Wanafunzi, nendeni kwenye hifadhi ya Nyaraka, Kilimani. Katika majalada ya mahakama za makadhi za wakati wa ukoloni mtawakuta wanawake wakiwa wadai: anadai mahari, anadai talaka, anadai nyumba. Ni karatasi kavu, mwandiko wa karani, lakini jina lake limo, na alichokitaka kimo.

Na msikilizeni tena Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mwuza vyungu wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wimbo wake wa Kijiti, ambalo ni jina la muuaji, una kila kitu cha riwaya ya kutisha: mgeni wa kike, usiku, maguguni, maiti. Ila Siti hakuishia kwenye maiti. Alikwenda hadi mahakamani, akaimba kwamba muuaji amekimbia, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndio waliogeuziwa kesi wakafungwa. Mwandishi wa Kigothi angetuacha tukitetemeka maguguni. Siti alimtaka msikilizaji aulize hakimu alihukumu kwa haki gani.

Vijana wa safu ya nyuma, najua mna la kusema juu ya Maruhubi. Maikrofoni inakuja kwenu kwanza.