Kutoa na Kurudisha Tangi la Petroli la Volkswagen Beetle

Karibuni, ndugu watazamaji. Gari lililo mbele yenu ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, na kazi yetu ya leo ni kulitoa tangi lake la petroli, kulisafisha na kulirudisha mahali pake. Injini ya gari hili iko nyuma, kwa hiyo tangi lake, ambalo huchukua takribani lita 40, limelala mbele chini ya boneti, likitanguliwa na tairi la akiba. Ndiyo sababu ninaipenda kazi hii kuliko ya magari mengine ya zamani: hulali chini ya tangi ukilishusha kwa jeki, bali unalinyanyua kwa mikono likiwa tupu.

Hata hivyo, utupu huo usikudanganye. Kinachoshika moto ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa lina nafasi kubwa zaidi ya mvuke kuliko tangi lililojaa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali palipobonyea. Ndiyo maana nimelitoa gari nje, mbali na shimo la gereji, na jirani yangu anayekaanga chipsi amekubali kuzima jiko lake hadi tumalize, kwa sharti kwamba chakula chake cha mchana kinalipwa na mimi. Weka karibu kizimamoto cha unga na ndoo ya mchanga mkavu. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na kusambaa pamoja nayo. Mwanga wa jua unatutosha, kwa hiyo hatutatumia taa ya balbu yenye waya mrefu, ambayo ikianguka na kupasuka itawasha kila kitu.

Tunaanza na betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Nyanyua kiti taratibu, kwa kuwa springi zake ni za chuma na zikigusa vichwa vya betri zitatoa cheche. Fungua waya wa hasi, usogeze mbali, kisha mfuniko wa tangi ufunguliwe ili presha itoke.

Toa tairi la akiba. Tazameni kimpira hiki chembamba kilichofungwa kwenye vali yake: katika gari hili maji ya kuoshea kioo husukumwa na upepo wa tairi la akiba. Ni ubunifu ninaoufurahia mpaka leo, ingawa wenye magari wengi hukumbuka kujaza maji na kusahau kujaza upepo. Toa kadibodi inayofunika tangi, chomoa nyaya za boya la geji, yaani kifaa kinachopima kiasi cha mafuta ndani ya tangi, ukiziwekea alama, legeza mpira wa shingo ya kujazia mafuta pamoja na vimpira vya kupumulia.

Sasa tunamwaga petroli. Inua mbele ya gari, liweke juu ya stendi imara, uzuie magurudumu ya nyuma. Chini, nyuma ya ekseli ya mbele, utauona mpira unaotoka kwenye mdomo wa chini wa tangi, unaotolea mafuta, kuelekea bomba la chuma linalopita ndani ya chasisi. Ubane mpira huo kwa kibanio, uchomoe upande wa bomba, uuelekeze kwenye debe la chuma lililowekwa ardhini, kisha uachie kidogo kidogo. Debe hilo nimeliunganisha na bodi ya gari kwa waya, ili umeme tuli usirukie katikati yao kwa cheche. Ndoo ya plastiki haifai, na kunyonya petroli kwa mdomo hakufai kabisa, kwa sababu ikiingia kwenye mapafu inaua. Lita 40 zina uzito wa karibu kilo 30, hivyo usijaribu kunyanyua tangi ambalo halijaisha mafuta.

Tangi linashikiliwa na bolti nne za spana namba 13. Tatu zimetoka bila shida. Mpiga picha, sogea hapa. Hii ya nne, ya kona ya nyuma, imeshikwa na kutu, na ninasikia mtu akipendekeza grainda. Hapana, grainda ni mvua ya cheche, na gesi ya kuchomelea ni mbaya zaidi. Tunapuliza mafuta ya kulegeza kutu, tunasubiri, kisha tunaikaza kidogo kabla ya kuilegeza, tukienda mbele na nyuma kwa robo mzunguko. Tumekata picha hapo, kwa sababu kusubiri kulichukua muda mrefu. Imetoka nzima.

Nyanyua tangi ukiwa na mwenzako. Ndani mnaona tope la kutu. Ndilo lililokuwa likiziba chujio na kuifanya injini ikose mafuta mlimani. Toa boya la geji, suuza tangi kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha ulianike hadi likauke kabisa. Kama limetoboka, usilipeleke kwa mchomeleaji wa kando ya barabara. Kusuuza hakuondoi petroli iliyojificha kwenye mikunjo ya bati, na joto la kuchomelea huigeuza kuwa mvuke upya. Mimi hununua tangi lingine.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo magari mengi hurudi gerejini. Funga mpira mpya kwenye mdomo wa tangi kabla ya kulishusha tangi, kisha uupitishe kwenye tundu lake huku mwenzako akiuvuta kutoka chini. Mpira usijikunje. Ukijikunja au kubanwa kati ya tangi na bodi, gari litawaka, litanguruma vizuri gerejini, kisha litazimika barabarani kwa mwendo wa kasi, na utabadilisha kabureta na pampu bure. Narudia: usikaze bolti hata moja kabla mwenzako hajauona mpira wote umenyooka. Nami naingia chini kuutazama kwa macho yangu, ingawa mwenzangu ameshasema uko sawa.

Chini ya ukingo wa tangi weka utepe mpya wa kuzibia, na kwenye boya la geji gasketi mpya. Silikoni ya kawaida iache dukani, kwani petroli huilainisha na vipande vyake huishia kwenye chujio. Kaza bolti kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kwa mpangilio wa msalaba.

Mimina lita 5 tu wakati betri bado haijaunganishwa, ukague kila kiungo kwa kukipangusa na kitambaa kikavu. Pakiwa pakavu na harufu imeisha, unganisha betri, uwashe. Injini itazunguka kwa muda kabla ya pampu kuvuta mafuta kutoka mbele hadi nyuma. Usiishie hapo, kwa sababu mpira wa shingo na vimpira vya kupumulia havivuji tangi likiwa na mafuta kidogo. Jaza tangi, endesha kwenye kona kadhaa, kisha fungua boneti unuse.

Mipira na klipu mpya kama nilizotumia ninaziuza. Ukija, leta kipande cha mpira wa zamani tukipime, kwa kuwa mpira mpana kuliko bomba hauzuiliki kwa klipu, hata ukaikaza hadi ikatike.