Mhandisi Anapoandika Dai la Hataza

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mna shahada ya uhandisi, na mnajiuliza kama uwakili wa miliki bunifu unawafaa. Nitaanza na karatasi, maana kazi hii hufanyikia kwenye karatasi.

Hataza, yaani hati inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, ina maelezo, michoro na madai. Maelezo hufundisha, madai huweka mpaka. Ili mtu aonekane amevuka mpaka huo, kila kilichotajwa kwenye dai lazima kionekane kwenye kifaa chake. Mahakama za nchi kadhaa huhesabu pia vibadala vinavyolingana, lakini usiandike dai kwa kutegemea huruma hiyo. Kila neno unaloongeza linakupunguzia eneo.

Tuchukue pampu ya maji ambayo vali yake ilikuwa ikikwama kwa mchanga. Mvumbuzi ameihamisha springi, sasa imekaa nje ya njia ya maji. Mhandisi aliyezoea kuandika vipimo ataandika hivi: "Pampu yenye silinda, pistoni, na vali inayorudishwa na springi ya chuma cha pua ya mizunguko 6, iliyo nje ya njia ya maji." Kama ni ripoti ya karakana, imetimia. Kama ni dai, imemwacha mteja uchi: mshindani ataweka springi ya mizunguko 5, au kipande cha mpira, naye ameshapita.

Mwanasheria asiyejua mitambo huteleza upande wa pili. Ataandika "kiungo nyumbufu kinachoirudisha vali", basi. Mkaguzi wa ofisi ya hataza atatoa hataza ya zamani yenye springi ndani ya maji, na dai litaanguka kwa kukosa upya, yaani kitu hicho kilishajulikana. Linaloweza kusimama ni hili: "kiungo nyumbufu kinachoirudisha vali mahali pake, kikiwa nje ya njia ya maji." Chuma cha pua na mizunguko 6 hushushwa kwenye madai tegemezi, yaani madai yanayolirudia dai la kwanza na kuliongezea sifa, yawe akiba endapo dai la kwanza litavunjwa. Angalieni pia neno "yenye". Linaacha mlango wazi: pampu ya mshindani ikiwa na kichujio cha ziada, bado imo ndani. Ukiandika "iliyoundwa na sehemu hizi tu", kichujio hicho kimoja kinamtoa.

Uhandisi wako unahitajika hapo, kujua ni kitu gani kingine kingefanya kazi ya springi ile, na ni sehemu gani ikiondolewa uvumbuzi wote unakufa. Muulize mvumbuzi maswali hayo mapema. Baada ya kuwasilisha ombi huruhusiwi kuongeza jambo jipya. Kama mpira haukutajwa siku ile, hauingii tena.

Swali jingine la siku ya kwanza: nani ameshakiona kifaa hiki? Kwa sheria ya hataza ya Ulaya, makala moja iliyochapishwa na mvumbuzi mwenyewe kabla ya ombi inatosha kuua upya wa uvumbuzi. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipokitangaza. Kwa hiyo jibu linaamua ni nchi zipi bado zimebaki. Ombi la kwanza likishawasilishwa, Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 ya kuomba kwingine ukiwa na tarehe ileile. Ukipitia mkataba wa ushirikiano wa hataza (PCT), nchi nyingi hukungoja hadi miezi 30 tangu ombi hilo la kwanza.

Kuhusu vyeti, kwa ufupi. Mtihani wa ofisi ya hataza ya Marekani una maswali 100 kwa saa 6, na anayeufanya lazima awe na msingi wa sayansi au uhandisi. Akifaulu anaweza kuandika na kutetea maombi mbele ya ofisi hiyo hata bila shahada ya sheria. Mahakamani ni jambo jingine. Ulaya hudai shahada ya sayansi au uhandisi, na kwa kawaida miaka 3 ya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa.

Anayetaka kujipima aanze leo usiku. Tafuta hataza ambayo miaka yake 20 imekwisha, funika madai, soma maelezo na michoro tu. Andika dai la kwanza kwa mkono wako, kisha funua ulinganishe. Pitia kila neno ulilozidisha, ukiandika pembeni yake kifaa ambacho neno hilo limekiachia kitoroke.